Shanga za Watu kwenye Tovuti ya Mamle

Siku za soko la Agomanya utamkuta Mamle Padi mwisho wa safu ya wauza shanga, nyuma ya meza isiyo na shanga. Anauza nyuzi. Ana za pamba, za nailoni na ile ngumu ya kuvulia samaki, na sindano ndefu zisizokuwa na ncha kali. Ukimuuliza uzi upi unafaa atakujibu vizuri, kwa sauti ya chini, kisha atarudi kutazama mikono yake. Wanaomjua hawamuulizi kwa nini mtunga shanga mashuhuri kuliko wote mjini anauza nyuzi kwa watunga shanga wengine. Wageni wakiuliza, hujibu kwamba macho yamechoka. Macho yake hayana shida yoyote.

Nilipomfahamu hakuwa na meza wala duka. Alikuwa na kibaraza kando ya barabara ya Odumase, benchi moja, na sinia la bati lililotandikwa kitambaa cheupe ili shanga zisikimbie. Nyuma yake, mlango ukiwa wazi, ungeona sanduku la chuma la samawati, kama yale wanafunzi wa bweni wanayobebea vitu vyao. Biashara yote ilikuwa ndiyo hiyo. Mpita njia angemdhania mama anayechambua mchele.

Kazi yake ilikuwa kutunga upya. Shanga za zamani hazichakai upesi, kinachochakaa ni uzi. Uzi ukilegea, bibi wa ukoo hufunga shanga zake kwenye kitambaa akampelekea mtu anayemwamini, naye huzitungua, huziosha, akazitunga tena kwa mpangilio uleule. Nimekaa na watu wa shanga katika nchi kadhaa. Kuna mahali shanga ni pambo tu, na kuna mahali ni siri ya kiunoni, ya mke na mume. Kwa Wakrobo, watu wa hapa, shanga ni kama ndugu. Zina majina na zina heshima zao, na kila mtu anajua zimetoka kwa nani. Mwanamke wa hapa anaweza kuiona ile kubwa ya manjano, bodomu, shingoni mwa mtu aliye ng'ambo ya barabara, akakuambia ni ya ukoo upi na nani kamwazima.

Maana shanga huazimwa. Msichana akiingia dipo, unyago wa hapa, anavikwa shanga kuanzia shingoni hadi magotini, na hakuna nyumba moja yenye za kumtosha. Mama yake huzunguka kwa mashangazi na majirani akiomba. Kuomba si aibu. Anayeombwa ndiye anayejisikia mkubwa, na siku ya sherehe husimama kando ya njia akionyesha kwa kidole: ile ya kati ni yangu.

Mamle mwenyewe hakuwahi kuomba. Ukoo wa Padi ulikuwa na shanga zake, lakini kaka yake mkubwa aliziuza zote kwa mchuuzi wa Accra wakati mama yao yuko kitandani anaumwa, Mamle akiwa bado msichana. Aliingia dipo akiwa amevaa shanga za watu, alizoombewa, kila sehemu ya mwili. Wenzake nao walikuwa wameazima, lakini kila mmoja alikuwa na kamba moja, hata nyembamba, ya kwao. Sherehe ilipokwisha wanawake walikuja, kila mmoja akamvua zake, na Mamle akabaki amesimama. Aliniambia jambo hili mara moja tu, tena kwa njia ya mzaha. Tangu hapo, alisema, anapenda shanga zikiwa kwenye sinia.

Shangazi yake akamfundisha kutunga. Akawa hodari, kisha akawa wa kuaminiwa, ambalo ni jambo kubwa zaidi. Koo zilizokuwa zimenuniana zilileta vitambaa vyao kwake na vililala pamoja ndani ya sanduku la samawati bila ugomvi. Alikuwa na kanuni yake: kufungua kitambaa kimoja tu kwa wakati mmoja. Shanga za nyumba mbili zisikutane kwenye sinia.

Jirani yake Korkor, aliyekuwa akiuza kenke, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na samaki wa kukaanga kwenye kibaraza kilichofuata, alimtania kila siku.

"Wewe Mamle ni kama mpishi wa sherehe. Unakoroga sufuria kutwa, halafu jioni unakwenda kwako kula banku la jana."

"Banku la jana halijawahi kuniua."

"Halijakunenepesha pia."

Mwaka ule shule za sekondari za wilaya ziliingia kwenye mashindano mapya. Kila timu ya wanafunzi ilitakiwa kutafuta biashara ndogo isiyokuwa na tovuti, iitengenezee, kisha isimame ukumbini kuieleza mbele ya waamuzi. Wavulana waliwahi gereji na mafundi wa kuchomea vyuma. Wengine wakachukua nyumba ya wageni, duka la dawa, na wachomaji wa shanga mpya za kioo. Wasichana wawili, Maku na Esinam, walichelewa kupata ruhusa ya kutoka bweni, na walipofika mjini kila mwenye kibao mlangoni alikuwa na timu yake. Maku ni mtoto wa Odumase, msemaji, anayeweza kumchekesha hata mwalimu wa zamu. Esinam alitoka upande wa Ho, mpole, na ndiye aliyejua kompyuta. Maku akakumbuka kwamba mama yake humsifu mama mmoja anayetunga shanga barabarani.

"Pole na kazi, anti," Maku alisema.

"Tumeshapoa. Mmetumwa na nani?"

"Hatujatumwa. Tunataka kukutengenezea tovuti."

"Nani kawaambia nimeharibikiwa na kitu?"

Korkor alidakia kutoka kwenye sufuria yake. "Mwache mtoto aseme. Pengine ni kitu cha kula."

Maku akaeleza. Mtu yeyote mwenye simu, popote alipo, akitafuta habari za shanga za Krobo, atamwona Mamle na kazi yake.

"Hata aliye London, anti."

"Huyo wa London uzi wake umekatika?"

"Hapana. Atanunua."

"Mimi siuzi, mwanangu. Natunga."

"Basi tutaandika hivyo hivyo, kwamba unatunga."

Mamle akacheka, akasogea kwenye benchi ili wakae. Nadhani alifurahi kuliko alivyotaka waone. Kwa miaka mingi watu waliotazama upande ule walitazama shanga, na hawa walikuja wakamtazama yeye.

Esinam akatoa simu kupiga picha. Siku hiyo kwenye sinia hapakuwa na kitu ila mkasi mdogo, kibonge cha uzi na shanga chache za kioo za kujazia mapengo, zile zinazouzwa kwa kikombe. Akapiga, akaitazama picha, akasogea akapiga nyingine. Akasema kwa adabu kwamba ni nzuri. Lakini uso wake ulikuwa umeshuka kidogo, na Mamle aliuona. Simu ilipita mikononi mwao na Mamle akajiona: mwanamke wa makamo, kifuani hana hata kamba moja ya shanga, mbele ya sinia tupu.

Maku alikuwa amehamia kwa Korkor kununua kenke. Mamle akanyanyuka, akaingia ndani, akaliburuta sanduku hadi kizingitini.

Alifungua kitambaa cha kwanza, kisha cha pili. Kisha akafungua vyote. Akazipanga kamba kwenye sinia, na sinia lilipojaa akatandika kanga ya kujifunikia akaendelea chini, za nyumba hii kando ya za nyumba ile, na katikati kabisa akaweka bodomu za Bibi Dede Lawer, kubwa na za manjano kama kiini cha yai, ambazo zilikuwa zimeletwa wiki ile zitungwe upya kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa akingoja dipo. Korkor alinyanyua shingo juu ya bega la Maku.

"Mamle. Unafanya nini?"

"Nazipa hewa."

Korkor alimtazama kidogo, kisha mteja akaja akataka samaki.

Esinam alikuwa amechuchumaa huku na huku akipiga picha, hataki kupoteza mwanga. Hakuwahi kuona kitu kama kile. Kwao shanga zipo, lakini si hivi, zimelala sakafuni kama mali ya mfalme. Akauliza bila kunyanyua macho:

"Anti, zote hizi ni zako?"

Mamle alikuwa na shanga moja kiganjani. Aliigeuzageuza.

"Zangu," alisema. "Za mama yangu."

Lilikuwa neno dogo, alilosema kwa msichana mgeni asiyejua ukoo wa mtu yeyote. Esinam akaitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga.

Baadaye Mamle alifunga kila kitambaa na fundo lake, akarudisha sanduku mahali pake. Hakuna kilichopotea wala kuchanganyika. Angeweza kulisahau neno lile, na pengine alikwisha kulisahau, wasichana waliporudi wakiwa na kazi yao karibu imekamilika.

Maku alisimama kibarazani akasoma kutoka kwenye simu, kwa sauti aliyokuwa akiiandaa kwa ajili ya ukumbi. Alisoma kuhusu mikono ya Mamle, uzi, kitambaa cheupe. Kisha akafika mahali palipoandikwa: "Hizi ni shanga za ukoo wa Padi, alizoachiwa na mama yake mzazi, naye amezilinda maisha yake yote."

Maku alikuwa ameandika hivyo kwa sababu mwenzake alimwambia. Yeye, mtoto wa hapa, angepaswa kushtuka na kuuliza, lakini alikulia bweni, na rafiki yake alikuwa na uhakika. Akanyanyua macho.

"Iko sawa, anti?"

Nafasi ya Mamle ilikuwa hapo. Kulikuwa na maneno machache tu ya kusema, hata kwa utani: jamani, hizo si zangu, nilikuwa nawachezea. Wasichana wangecheka, wangefuta sentensi moja.

"Soma tena," alisema Mamle.

Maku akasoma tena. Mamle alisikiliza amefumba macho, mikono ameilaza mapajani. Waliomwona siku hiyo walidhani ameguswa na kusifiwa. Alikuwa anamsikia mama yake akitajwa kama mtu aliyeacha kitu.

"Iko sawa," alisema.

Jambo la pili hakuambiwa, maana wakati ule lilikuwa halijafanyika. Mwalimu wao aliipitia kazi akasema ni nzuri ila haina duka. Waamuzi, alisema, wanataka kuona mteja anavyoweza kununua. Tovuti isiyouza kitu ni albamu ya picha. Wasichana wakajitetea kwamba anti hauzi. Mwalimu akawauliza kama wanataka kushinda au wanataka kuwa wakweli kuliko waamuzi. Muda ulikuwa umebaki mchache. Esinam akaongeza ukurasa wa duka, akabandika zile picha, na chini ya kila picha akaandika bei aliyoikisia mwenyewe. Walikubaliana wamweleze Mamle watakapomwona, na walipomwona tayari walikuwa wamesimama jukwaani.

Shughuli ilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Wenye biashara walipewa safu ya mbele. Mamle alishona blauzi ya kaba na sketi mpya kwa ajili ya siku hiyo, kitambaa cha bluu na nyeupe. Shingoni alivaa uzi mmoja mwembamba wa shanga za kioo, za kujazia. Nyuma yake ukumbi ulijaa wazazi na ndugu wa wanafunzi, na miongoni mwao Bibi Dede Lawer, kwa sababu mjukuu wake wa kiume alikuwa kwenye timu ya gereji.

Shuka jeupe lilitundikwa ukutani na picha zikarushwa juu yake. Gereji wakapita, nyumba ya wageni ikapita. Kisha Maku akapanda jukwaani na uso wa Mamle ukatokea ukutani, mpana kama mlango. Watu wakapiga makofi, yeye akainamisha kichwa akitabasamu.

Bodomu zikatokea. Kwenye sinia zilikuwa kubwa kama yai la kanga. Pale ukutani kila moja ilikuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, na kila mstari na kila ufa wake ukionekana. Nyuma ya Mamle makofi yakafifia. Maku, mwenye sauti nzuri, akatangaza kwamba hizi ni shanga za ukoo wa Padi, alizoachiwa na mama yake mzazi. Akabonyeza, na ukutani ukaja ukurasa wa duka. Kamba baada ya kamba, nyumba baada ya nyumba, na chini ya kila moja bei kwa sidi, pesa ya hapa.

Mwamuzi mmoja kutoka Koforidua, mtu mchangamfu, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mimi nikitaka hii ya manjano, naagiza sasa hivi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Maku. "Lakini uwahi. Imebaki moja tu."

Ukumbi wa watu wengine ungecheka. Kwenye ukumbi ule wanaume waliangalia wake zao, na wanawake waliangalia ukuta. Mmoja alisonya, mwingine akafuatia. Mamle hakugeuka. Alisikia kiti kikisogezwa, na kutokana na mwendo alimjua aliyesimama: Bibi Dede alikuwa akiburuza mguu mmoja. Bibi alikaza nguo yake kiunoni, akaomba njia kwa watu wa safu yake, mmoja mmoja, kwa upole, akatoka.

Wasichana walipata nafasi ya pili. Mwenye biashara aliitwa apande kupokea cheti pamoja nao, na Mamle akapanda. Ipo picha ya siku hiyo. Maku amecheka meno yote nje, Esinam anatazama chini, Mamle ameshika cheti kifuani mahali ambapo shanga zingekaa.

Jioni ileile Maku alielezwa na mama yake, na kesho yake wasichana walikuja mbio. Esinam ndiye aliyesema.

"Anti, nilikuuliza. Ulisema zako."

"Nilisema."

"Na zile bei niliziweka mimi. Hukuwa unajua."

"Kosa hilo ni lenu. Langu ni lile neno."

"Tumeshaifuta tovuti yote. Hatuendi Koforidua kwenye mashindano ya mkoa."

Mamle akawaambia hawakupaswa kufanya hivyo, walifanya kazi nzuri. Akamwambia Korkor awape kenke na asiwatoze. Waliondoka bila kula. Na kufuta kwao hakukusaidia, kulitia chumvi kwenye kidonda. Mjini watu wakasema, kama shanga ni zake zimefichwa kwa nini? Wengine wakasema zimeshauzwa, tayari ziko kwenye ndege.

Hakuna aliyekuja kugomba. Hapa watu wakikukasirikia sana huzidisha adabu. Mama mmoja alipita asubuhi kuuliza uzi umefikia wapi, akasema basi hakuna haraka, atazichukua zilivyo. Mwingine alisema dada yake wa Tema anatamani kuziona. Mwingine alisema tu ameziota. Kila mmoja alifungua kitambaa chake palepale, akazipitisha shanga kidoleni moja moja huku akiuliza habari za nyumbani, akafunga, akashukuru, akaenda. Korkor, ambaye angeweza kutania msibani, alijishughulisha na kusugua sufuria zake. Sanduku likawa jepesi, mpaka kikabaki kitambaa kimoja.

Bibi Dede alikuja Jumatatu. Hakuuliza habari za mtu. Alikaa kwenye benchi.

"Umefika wapi?"

"Nusu, mama."

"Malizia."

"Nilikuwa nafikiri, kama unapenda, nikupe zilivyo, umpelekee mtu mwingine..."

"Nimesema malizia. Si nimeshakaa?"

Mamle akalitandika sinia. Aliwahi kutunga shanga huku akipiga soga, huku akila, huku akimsuta Korkor. Siku hiyo sindano ilimkwepa. Bodomu moja ilimponyoka, ikadunda ukingoni, ikaanza kubingirika kuelekea barabarani. Bibi Dede aliizuia kwa ubavu wa ndara. Akainama kwa shida, akaiokota, akaifuta kwenye nguo yake, akairudisha kwenye kitambaa cheupe.

Mamle akaitunga, akafuata nyingine. Mwishowe bibi alizungumza, akitazama barabara.

"Mama yako alikuwa nazo. Zenye mistari ya bluu. Nilimwona nazo siku aliyokutoa nje ukiwa mchanga."

Mamle aliacha kutunga. Hakujua kwamba yupo mtu duniani, zaidi yake, anayezikumbuka.

"Kaka yako alifanya vibaya," Bibi Dede alisema. "Tunga, usisimame."

Akatunga.

"Nusu ya wanawake wa mtaa huu wameshavaa za kwangu. Mke wa mchungaji amezivaa. Yule muuza samaki hapo, msema ovyo, amezivaa harusini kwake, na alizirudisha zikinuka moshi."

"Zilikuwa zimeshanuka kabla, bibi," Korkor alisema, kwa sauti ndogo.

"Lakini wewe," bibi aliendelea, "miaka yote hii unazishika, hujawahi kuja kuniambia, mama, niazime nivae. Hata mara moja."

"Niliona aibu."

"Ya nini? Kuna aliyezaliwa nazo shingoni? Siku ile ungekuja kwangu asubuhi, ningekuvika kwa mikono yangu mwenyewe. Ningekaa nyuma yako pale ukumbini nikasema, mwoneni Mamle, zile ni zangu."

Mamle akavuta uzi. Shanga ya mwisho ilikuwa imeingia. Akazishika ncha mbili za uzi, na kwa kuwa kamba ilikuwa nzito, akamwomba bibi aibane kwa kidole. Bibi Dede akaweka kidole, kikavu na kigumu, na Mamle akafunga fundo juu yake, kisha akafunga la pili.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe zamani. Lakini hapa sitaziacha tena. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

Bibi akamlipa kama siku zote, akazifunga bodomu kwenye kitambaa chake, akaondoka akiburuza mguu.

Dipo ilifika. Wasichana walipitishwa barabara ya Odumase wakienda kuaga utoto, miguu mitupu, mabega yanang'aa kwa mafuta, na nyimbo zikiwatangulia. Barabara yote ilijaa wanawake wanaonyoosha vidole na kutaja majina. Mamle hakuwa amepanga kutoka, ila Korkor alimvuta mkono hadi ukingoni. Aliyaona maisha yake yote yakipita. Hakukuwa na msichana asiyekuwa na kamba aliyoitunga yeye. Alizijua kwa mafundo yake.

Mjukuu wa Bibi Dede alikuja karibu na mwisho, mrefu, ametulia, na bodomu zimelala juu ya kifua chake kama zilizoota hapo. Alipowapita, Mamle akaona kwenye kisogo, chini kidogo ya mstari wa nywele, ncha ya uzi mweupe imechomoza, ndefu kama kucha. Siku ile, kwa macho yaliyojaa machozi, alikuwa amesahau kuikata.

Mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni, mahali ulipokuwa ukining'inia ule mkasi mdogo. Korkor alikuwa ameiona pia.

"Nenda ukaikate. Ni hatua mbili tu. Atasimama."

Nyuma ya msichana alikuja Bibi Dede, akiwa amevaa nyeupe, akiwaonyesha watu: zile, zile za manjano. Macho yao yalikutana, na bibi akampa salamu ya kichwa, kama anavyompa yeyote wa umri wa Mamle.

Mamle alibaki ukingoni, mkasi mkononi. Alikitazama kile kipande cha uzi kikienda na kisogo cha msichana, cheupe, kidogo, hadi kwenye kona ya kanisa.